Ugali chini ya godoro: maswali ya walezi wa kambo

Maswali ya wiki hii yote yametoka kwa walezi wa kambo wa hapa Dodoma, waliokabidhiwa na ustawi wa jamii watoto waliofanyiwa ukatili au kutelekezwa.

Nimelea wanangu watano na wote wamesimama. Semina ya nini tena? (Baba, Kongwa)

Shikamoo mzee, na hongera. Lakini hao watano walikulia mikononi mwako. Ukinyanyua mkono walijua unachukua kofia. Huyu mgeni wako akiona mkono umepanda, anainamisha kichwa. Semina inakufundisha kusoma tabia ambazo hukumfundisha wewe.

Binti wa miaka sita anaficha ugali chini ya godoro. Chakula kipo tele, na sasa panya wameingia. Nimemkanya hadi nimechoka. (Mama, Nkuhungu)

Pole, hayo ya panya nayaelewa. Ila huyo si mwizi, mama. Mtoto aliyewahi kulala njaa huku watu wazima wamo ndani ameshajua kuwa kesho haina uhakika. Ukimkanya atahamisha maficho tu. Mtafutie kopo lenye mfuniko, liwe lake, litie karanga au viazi vya kuchemsha, na lisikae tupu hata siku moja. Usiku mwambie kuwa asubuhi kuna uji. Asubuhi uji uwepo kweli. Ukipekua godoro, pekua akiwa shule, na usimsimulie jirani. Itachukua miezi. Kwa mlezi mmoja ninayemjua, mtoto mwenyewe alikuja kulirudisha kopo jikoni, karanga zikiwa bado zimo.

Kiboko kidogo tu, je? (Hakujitaja)

Hapana. Alikotoka ndiko vilikokuwa.

Kijana wa miaka kumi ameanza kunisimulia jambo baya alilofanyiwa na mtu mzima. Nimdodose? (Baba, Ipagala)

Usimdodose. Acha ulichoshika, msikilize, mwambie unamwamini na kosa si lake. Usimwahidi kutunza siri, maana haitatunzika na ataona umemgeuka. Akimaliza, andika maneno yake vilevile alivyoyasema, hata yakiwa ya kitoto, ukiyanyoosha unayaharibu. Kisha mwone afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, ni bure. Kama ni ukatili wa kingono na ni wa karibuni, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, mfike hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Na akitokea mzee wa ukoo kutaka myamalize nyumbani, mkatalie kwa heshima zote. Ng'ombe wa fidia huenda kwenye zizi la mtu mzima. Mtoto hapati hata maziwa.

Kila mama mzazi wa mtoto ninayemlea akija kumwona, usiku mtoto anakojoa kitandani. Nizuie asije? (Mama, Chamwino)

Usiamue peke yako. Inaweza kuwa hofu, inaweza pia kuwa ni kumkumbuka tu mama, na kwenye shuka vyote viwili vinafanana. Andika tarehe, alivyokuwa kabla ya ziara na baada yake, mpelekee afisa wako, yeye ndiye wa kupanga ziara. Kwa sasa tandika nailoni juu ya godoro, na shuka ianikwe nyuma ya nyumba, wenzake wasiione.