Mbinu ipi ya kutoboa koo kitandani ni salama?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Mbarara. Mgonjwa anayekaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia tumekuwa tukimpeleka chumba cha upasuaji kutobolewa koo. Sasa kazi hiyo itafanyika kitandani kwa sindano na waya, na madaktari wetu wanabishana: wengine wanataka kipanuzi kimoja, wengine koleo. Ipi iliyo bora?
Muuguzi, Mbarara

JIBU: Dada yangu, mbinu hizi zote huanza namna moja. Sindano huingizwa kwenye trakea, yaani bomba la hewa, katikati kabisa ya shingo, chini ya pete ya kwanza au ya pili ya gegedu. Waya hupitishwa ndani ya sindano, kisha tundu hupanuliwa juu ya waya huo mpaka mrija uingie. Zinapoachana ni kwenye kupanua. Daktari Ciaglia wa Marekani, mwaka 1985, alitumia vipanuzi kadhaa vya unene unaoongezeka. Griggs wa Australia, mwaka 1990, akaleta koleo linalofuata waya na kutanua njia linapofunguliwa. Baadaye kikaja kipanuzi kimoja kilichopinda, chembamba nchani na kinene shinani, na baada yake kipanuzi cha parafujo na cha puto. Fantoni wa Italia yeye aliuvuta mrija kutoka ndani kuja nje.

Majaribio yaliyolinganisha mbinu hizi yalipochambuliwa kwa pamoja, nyingi zilikaribiana kwa usalama, isipokuwa ya Fantoni iliyokuwa na madhara makubwa zaidi, na koleo lilionekana kuleta matatizo madogo mengi kuliko kipanuzi kimoja wakati wa kazi yenyewe. Kwa hiyo mimi ningechagua kipanuzi kimoja. Hulowekwa kwanza ili kiteleze, na tundu hupanuka polepole chini ya mkono wa daktari. Hata hivyo kikisukumwa kwa nguvu kinaweza kuvunja pete ya gegedu au kuumiza ukuta wa nyuma wa trakea. Daktari aliyezoea koleo kwa miaka mingi simshauri abadilishe kwa sababu tu ya kufuata wengine.

Ninalolijali zaidi ni macho ya timu. Bronkoskopu, yaani kamera nyembamba ya kutazama ndani ya njia ya hewa, ikiwepo, mtu aitazame sindano ikiingia. Isipokuwepo, ultrasaundi ionyeshe mapema kama kuna mshipa wa damu mbele ya trakea, na hewa ya kaboni dioksidi inayotolewa na mgonjwa ipimwe wakati wote. Mtoto, mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri, na yule ambaye pete zake hazipapasiki shingoni, ni heri waendelee kupelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Kisha kazi inabaki kwako. Tundu lililopanuliwa, tofauti na lililokatwa, hujibana upesi, na katika siku 7 hadi 10 za mwanzo njia yake bado haijakomaa. Mrija ukichomoka katika siku hizo, usiurudishe kwa kubahatisha, kwa sababu unaweza kuingia kwenye nyama iliyo mbele ya trakea huku mgonjwa akikosa hewa. Ita msaada, mpe oksijeni usoni na shingoni, ziba tundu kwa kitambaa safi ikibidi kumpulizia hewa kwa barakoa, na daktari wa usingizi apitishe mrija mwingine mdomoni. Vifaa vya kupitishia mrija huo, mashine ya kunyonya makohozi, mrija wa akiba wa kipimo kilekile na mwingine mdogo kidogo viwe kando ya kitanda, si kabatini.