Homa ya mbu kwenye mimba ya wiki 36

Swali: Shikamoo daktari. Mke wangu ana mimba ya wiki 36, tunakaa Ngamiani, Tanga. Leo ni siku ya tatu ana homa kali, macho yanamuuma kwa nyuma, na viungo vimekaza, hasa vifundo vya miguu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Duka la dawa wamempa diklofenaki. Jirani anasema homa hizi za mbu humfanya mtoto azaliwe na kichwa kidogo. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Diklofenaki aiache sasa hivi, na asipewe ibuprofeni badala yake. Kama hii ni dengue, dawa hizo humzidishia hatari ya kutoka damu. Kwa mimba ya umri huu zina dhara jingine: zinaweza kuziba mapema mshipa wa mtoto unaopitisha damu kando ya mapafu, na kupunguza maji ya uzazi. Mpe parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Kama kliniki walimwanzishia aspirini ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba, amuulize daktari leo aendelee nayo au aisimamishe. Sindano za msuli pia zikwepwe mpaka damu yake ipimwe.

Kichwa kidogo ni habari ya Zika, homa nyingine ya mbu, iliyojulikana sana baada ya mlipuko wa Brazil mwaka 2015, na hatari yake kubwa iko miezi mitatu ya mwanzo. Kwa dalili ulizoeleza, katika wiki ya 36, ninachokihofia ni dengue au chikungunya. Zote mbili huenezwa na mbu yuleyule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na Tanga dengue si ngeni. Mlipuko wa 2019 uliwagusa wengi.

Mpeleke Hospitali ya Bombo leo, msingoje homa ishuke. Watu wengi hupumua homa ikishuka, kumbe kwenye dengue hapo ndipo mishipa huanza kuvuja maji, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi au uke ukitoa damu, akilegea au mtoto akipunguza kucheza, ni dharura hata kama mwili umepoa.

Malaria irudiwe kupimwa. Kipimo cha chembechembe za kirusi cha dengue hufaa siku 5 za mwanzo. Baada ya hapo hutafutwa kinga ya mwili. Kikikosekana, picha kamili ya damu ya kila siku inasaidia sana, ila isomwe kwa jicho la mimba. Mjamzito damu yake ni nyepesi. Hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, ikitoka 32 leo ikawa 39 keshokutwa, kwenye karatasi ya maabara itaonekana ya kawaida, na kumbe imepanda kwa zaidi ya asilimia 20: maji yanavuja. Ndiyo maana namba ya leo ina thamani kubwa. Omba nakala uitunze. Presha na protini kwenye mkojo vipimwe pia, kwa sababu kifafa cha mimba kikali nacho hushusha chembe sahani (zile za kugandisha damu), kama dengue, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Anywe kidogokidogo kutwa nzima: maji ya chumvichumvi ya pakiti, uji mwepesi, madafu. Akojoe angalau kila baada ya saa 4 hadi 6.

Sasa mtoto. Dengue haijulikani kuharibu maumbile yake. Inachoweza kuleta ni uchungu wa mapema, mama kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, na mtoto kuzaliwa na kirusi. Chikungunya hatari yake ni mama kujifungua kirusi kikiwa bado tele kwenye damu. Kisiwani Réunion, mwaka 2005 na 2006, karibu nusu ya watoto waliozaliwa katika hali hiyo waliambukizwa, na upasuaji haukuwakinga. Kwa hiyo asiombe kuanzishiwa uchungu ili "kumwokoa mtoto". Kama hakuna sababu nyingine ya kuharakisha, kila siku ambayo mimba inasogea mbele ni faida.

Akijifungua ndani ya wiki moja tangu homa, mkunga aambiwe tarehe homa ilipoanza. Mtoto aliyeambukizwa huweza kuzaliwa mzima kabisa, kisha siku ya 3 hadi ya 7, mkiwa mmesharudi nyumbani, anapata homa, anagoma kunyonya, mikono na miguu inavimba au anapata degedege. Msiruhusiwe kabla ya mpango wa kumwangalia wiki hiyo kupangwa. Kunyonyesha kuendelee.

Nyumbani, mkeo alale ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu huyu huuma asubuhi na jioni kabla ya giza, na akimuuma yeye atawapelekea wengine kirusi. Pipa la maji usiishie kulimwaga. Mayai hugandishwa kwenye ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Sugua ukuta wote kwa brashi ngumu kila wiki, kwa sababu yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10, kisha lifunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Vifuu na matairi ya uani yaondoke leoleo.