Mjomba, nikiharakisha risasi zinatawanyika

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nina duka la kubadilisha pesa za kigeni hapa mjini Mombasa, si mbali na Digo Road, na huu ni mwaka wangu wa tatu na leseni ya bastola ya milimita 9. Mara mbili kwa mwezi naenda kulenga shabaha. Nikipiga taratibu, matundu yanakaa pamoja kama yamepangwa. Nikiwekewa saa, nikaambiwa nitoe bastola nipige risasi 6 kwa umbali wa mita 7, natumia sekunde 3.5 na karatasi yangu ni aibu: mbili katikati, tatu pembeni, moja imetoka nje kabisa, chini kushoto. Rafiki mmoja ananiambia niisahau saa, nipige polepole hadi nizoee. Mwingine anasema nikimbie tu, shabaha itanifuata yenyewe. Nimsikilize nani?
— Mwenye Duka, Kizingo

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki zako wote wawili wana methali mfukoni. Mmoja ana haraka haraka haina baraka, mwingine ana chelewa chelewa utapata mwana si wako. Methali hizo hazijawahi kushika bastola. Ziweke kando kwanza, tuitazame karatasi yako.

Lile tundu la chini kushoto ndilo lililoniambia mengi. Bila shaka unatumia mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kulia akiona saa inamkimbiza, havuti triga kwa kidole kimoja, anabana kiganja kizima, na mtutu unavutwa chini kushoto kabla risasi haijatoka. Tena mwili unalijua lile teke la bastola linalokuja, basi unalitangulia. Mwenyewe hujioni, maana mlio unafunika kila kitu.

Nenda uwanjani na risasi bandia tatu au nne. Mpe mwenzako akujazie magazini, azichanganye na za kweli, wewe ukitazama pembeni. Kisha piga kwa mwendo wako wa kawaida. Ikifika ya bandia utasikia "tak" tupu, na utauona mtutu ukiinama peke yake kama abiria anayesinzia kwenye matatu ya Malindi. Nimefundisha askari kulenga kwa miaka 27, na wengi wao wakiuona mtutu ukiinama mara ya kwanza hucheka kwa haya. Ukishauona, dawa umeipata nusu. Nusu iliyobaki ni kurudia hadi "tak" ije na mtutu ubaki palepale.

Nami nisijifanye mtakatifu. Ujanani nilikuwa mwepesi kuliko wenzangu wote. Siku ya mashindano tulipewa risasi sita sita, nikamaliza wa kwanza, nikarudisha bastola kifua mbele. Karatasi zilipohesabiwa, yangu ilikuwa na matundu manne, ya jirani yangu wa kushoto ilikuwa na manane. Jirani alinunuliwa soda, mimi nikapewa ufagio nikusanye maganda.

Sasa hesabu. Wanaoshindana kwa kanuni za IDPA, mchezo ulioanzishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya bastola za kujilinda, hawapimi muda peke yake wala shabaha peke yake. Katikati ya karatasi pana duara la kama sentimita 20. Risasi ikiingia humo, huongezewi kitu. Ikikaa kando kidogo unaongezewa sekunde 1, mbali zaidi sekunde 3, ikikosa kabisa sekunde 5. Tuipime karatasi yako. Sekunde zako 3.5, jumlisha 3 za zile tatu za pembeni, tukichukulia zote ziko karibu na duara, jumlisha 5 za iliyotoka nje: sekunde 11.5. Lau ungetumia sekunde 5 nzima na zote sita zikaingia duarani, hesabu yako ingekuwa 5. Kwa hiyo ile haraka yako, mwanangu, imekuchelewesha kwa zaidi ya mara mbili.

Na hiyo ni hesabu ya mchezo. Ile iliyotoka nje uwanjani imezikwa kwenye kilima cha mchanga. Mbele ya duka lako hakuna kilima cha mchanga, kuna muuza mahamri na tuktuk zimepanga foleni.

Utaniuliza, basi upesi utoke wapi? Utoke kwenye shati. Sekunde zako 3.5 ukizikata vipande, nakisia karibu mbili zinaishia kabla ya risasi ya kwanza: mkono unatafuta pindo la shati, shati linashikamana na jasho, kidole gumba kinakwama kwenye kitambaa, bastola inapanda kwa kuzunguka badala ya kunyooka. Sisi wa huku mashati tunayaachia nje, na Ijumaa ni kanzu, hapo ndipo Mungu akusaidie. Ukishapoteza muda pale kiunoni, unataka kuulipa kwa triga, na deni hilo triga hailipi. Mikono ipeleke mbio kadiri uwezavyo. Kidole kikifika kwenye triga kiwe na adabu.

Hili la mikono halihitaji risasi hata moja. Dakika 10 nyumbani zinatosha, mara tatu kwa wiki, na nguo zilezile unazovaa dukani. Toa magazini, vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha itie kidole uhakikishe kwa kugusa. Risasi zote zipelekwe chumba kingine, watoto pia. Elekea ukuta unaoweza kuzuia risasi. Mwenye nyumba ya Mji wa Kale ana ukuta wa mawe ya matumbawe mnene kama gunia la mchele, ana bahati. Wewe wa fleti, upande wa pili wa ukuta wako kuna mtu anatazama televisheni, kwa hiyo chagua ukuta mwingine. Na zoezi likiisha liishe kweli. Ajali nyingi ninazozijua zilikuja kwenye ile "hebu mara moja tu ya mwisho", magazini ikiwa imesharudishwa.

Uwanjani kwenyewe, nakuomba upunguze risasi badala ya kuongeza. Ni ghali, na cheti chako kinasema unaruhusiwa kuwa na ngapi. Hamsini zinatosha. Kumi za mwanzo zipige kwenye kisahani cha kikombe, au karatasi iliyokatwa ukubwa huo, kama sentimita 13, ukisimama mita 4.5: risasi 5 ndani ya sekunde 5, kisha 5 nyingine. Walimu wa Marekani hulifanya kwa yadi 5 na inchi 5, ndiyo maana vipimo vyetu vina vichwa na mikia. Ikitoka hata moja, siku hiyo usishindane na mtu, rudi kwenye risasi bandia.

Ukifaulu, ndipo ulijie hilo zoezi lako la risasi sita. Lina mwenyewe, Bill Wilson, Mmarekani, na umbali wake ni yadi 7, yaani kama mita 6.4. Sheria yake huenda hukuambiwa: zote sita ziingie eneo la katikati, la sivyo muda hauandikwi kabisa. Anza na sekunde 5. Zikiingia zote mara mbili mfululizo, punguza robo sekunde. Zikitoka mara mbili mfululizo, irudishe ile robo. Andika kwenye daftari, tarehe na muda, hata siku mbaya.

Mzunguko mmoja wa mwisho, mmoja tu, nakuruhusu umsikilize yule rafiki wa mbio. Piga upesi kuliko uwezo wako na utazame mkono unavunjikia wapi. Mtu asiyejisukuma kamwe hukaa kwenye sekunde 5 hadi uzeeni. Lakini aliyeharibu mzunguko huo kisha akapiga mwingine na mwingine kwa hasira, huyo anajifundisha makosa kwa pesa zake.

Jambo moja hukuliandika nami nalihisi: unapiga kwa mdundo mmoja kila umbali, ta-ta-ta-ta. Mita 3 si mita 15. Kwa mita 3 ukiiona bastola yote iko kifuani pa karatasi, hiyo yatosha. Kwa mita 15 subiri kile kinundu cha mbele cha kulengea kitulie kabisa ndipo uvute. Jicho ndilo linalompa kidole ruhusa. Weka karatasi tatu, moja kila umbali huo, piga mbili mbili, mwenzako asikilize bila kutazama. Akishindwa kukwambia ulipokuwa ukipiga ya mbali, rudia.

SWALI: Mjomba, bastola yangu inashika kutu upande unaogusa mwili, nami naisafisha kila Jumapili bila kukosa. Nakosea wapi?
— Wa Likoni

JIBU: Unakosea Jumatatu hadi Jumamosi. Wavuka feri kila siku na upepo wa chumvi, halafu msimu huu wa kaskazi jasho lakutiririka kiunoni. Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki kidogo sana, na mafuta ya nazi yaachie wali. Usiilaze ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia usiku kucha. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe, viweke kwenye sefu pamoja nayo. Springi ya magazini nayo iangalie, wengi huisahau. Risasi usizipake mafuta. Na zile ulizozunguka nazo kiunoni tangu Ramadhani, zipeleke uwanjani uzimalizie huko, ujaze mpya.