Uliza Shangazi: Mume Mjamaika, kaka anataka chipsi mayai

Shangazi shikamoo. Mume wangu ni Mjamaika, kazi yake upishi toka ujanani, tuko Dodoma mwaka wa tatu sasa. Tumepata fremu Area D tufungue mgahawa wa chakula cha kwao, kuku wa jerk (wa kuchoma, wa viungo na pilipili kali), mbuzi wa kari na wali wao. Sasa kaka yangu ndo katoa kodi ya miezi sita na anasema watu wa hapa hawali wasichokijua, tuweke na chipsi mayai. Mume kanuna, hawasalimiani. Nifanyeje?
Niliye katikati, Area D

Marahaba mwanangu. Mume usimlaumu, mtu katoka kisiwani na ujuzi wake halafu unamwambia akaange viazi, lazima anune. Ila kaka nae hajakosea yote, jina likiwa geni mteja anasoma bei anapita zake. Mimi nimekaa nikawaza hicho chakula kina nini ambacho Mgogo hakijui nikakosa! Scotch bonnet yao ni ndugu wa damu na pilipili mbuzi, nenda Majengo sokoni zipo, callaloo ya Jamaika ni mchicha, na huo wali wanaouita rice and peas ni wali wa maharage wa nazi tu, wengine wanatia mbaazi kabisa. Mbuzi ndo usiseme, pita mnada wa Msalato Jumamosi ujionee. Kitakachowasumbua ni pimento, zile punje kama pilipili manga ila ukitafuna unasikia karafuu na mdalasini kwa pamoja, bila hiyo jerk hamna, ni kuku choma mwenye pilipili, kwahiyo agizeni mapema ya kutosha. Na nazi zinatoka pwani, usije ukapanga bei ya sahani kama uko Tanga.

Ubaoni andika Kiswahili, mtu ajue anakula nini, na wiki ya kwanza waonjeshe vipande. Chipsi mayai hapana, kila kona kuna kijana anakaanga na banda lake alishalimaliza kulilipia zamani, mtamshinda kwa lipi?

Halafu msidanganyike na Bunge. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unafurika mpaka mwisho wa Juni, mtajaza meza mtaajiri watu, Julai mnaangaliana. Hesabu zenu pigeni kwa mwezi ambao wabunge hawapo.

Kinachonitisha mimi sio chipsi, ni hiyo kodi ya kaka. Kakopesha au kanunua sehemu ya biashara? Kama hamjaandika popote basi kila akija atakula bure na kutoa amri mpaka jikoni, na utashindwa kumkatalia maana ni kaka. Andikeni, wote watatu msaini. Kibali cha mume nacho, muulizie Uhamiaji kama kinamruhusu kufanya biashara hiyo kabla hamjalipia leseni ya Jiji.

Na kikao cha kuandikiana kifanyieni nyumbani, mume apike huyo mbuzi, kaka ale kwanza ndo aongee.