Kabla hujamnukulia aya asiyeamini

Ukimwambia mtu asiyeiamini Biblia kwamba Yesu ni Bwana kwa sababu Biblia imesema hivyo, bado hujamjibu. Umemwongezea swali: na Biblia niiamini kwa nini? Wengi wetu tukifika hapo hupandisha sauti, au hutafuta aya nyingine yenye nguvu zaidi. Nimezungumza kwa miaka mingi na watu wasioamini, kazini, safarini, na hasa na marafiki waliokulia kanisani wakatoka. Naona kwamba ubishi mwingi tunaodhani ni juu ya Mungu ni juu ya mamlaka. Mtu anauliza: nani ana haki ya kuniambia lipi ni la kweli, na haki hiyo kaipata wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: jua umesimama juu ya nini kabla hujamwita mwenzako aje asimame hapo, na umweleze waziwazi, hata pale Wakristo wenyewe tusipokubaliana.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 17 polepole. Paulo akiwa Thesalonike anaingia katika sinagogi na kuhojiana na watu kwa Maandiko, kwa sababu wale tayari waliyakubali Maandiko. Sura hiyohiyo inampeleka Athene, mbele ya Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa ya Kigiriki, na katika hotuba yake ya Areopago, mahali pa baraza la mji, hamtaji nabii hata mmoja. Anaanzia kwenye madhabahu yao iliyoandikwa "Kwa Mungu asiyejulikana", kisha anawakumbusha maneno ya washairi wao kwamba sisi sote tu wazao wake, maneno yaliyomo katika utenzi wa Arato, Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Wala hakuuficha ujumbe wake: alimalizia na ufufuo, na hapo ndipo waliomcheka walipocheka. Wengine walisema watamsikiliza tena siku nyingine, na wachache waliamini, akiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Hapo kuna jambo linalonitia moyo sana. Mtume mwenyewe, kwa hotuba moja, alipata wanaocheka, wanaoahirisha na wanaoamini. Usijibebeshe mzigo ambao Paulo hakubebeshwa.

Sasa, wenye mashaka si watu wa aina moja, na kosa la kumjibu mmoja swali la mwingine ni la kawaida mno. Yupo anayetaka ushahidi. Huyu usimpe ushuhuda wa jinsi ulivyopona homa. Mpe anachokiomba. Mimi huwa naanza na barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, na sianzi kwa kudai ni neno lililovuviwa. Naiweka mezani kama barua ya kale, ambayo hata wanahistoria wasioamini wanakubali kwamba aliiandika Paulo, yapata miaka ya 53 hadi 55. Humo anawakumbusha Wakorintho jambo ambalo naye alilipokea: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500, ambao wengi wao walikuwa hai bado. Kati ya kusulubiwa na barua hiyo ni kama miaka 20 au zaidi kidogo. Naye Tasito, mwanahistoria Mrumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato.

Halafu mweleze ushahidi huo unafika wapi. Unaonyesha kwamba habari ya ufufuo haikutungwa karne nyingi baadaye, na kwamba iliaminiwa na watu waliokuwa karibu na tukio. Hauthibitishi ufufuo kama hesabu inavyothibitishwa. Nimeona mara nyingi kwamba mtu mwenye mashaka hukuamini zaidi pale unapomwonyesha mwenyewe mpaka wa hoja yako kuliko pale unapoisukuma ipite uwezo wake.

Yapo pia mambo ambayo ni afadhali ayasikie kwako kabla hajayasikia kwingine. Aya 12 za mwisho za Injili ya Marko hazimo katika nakala mbili za karne ya 4 zinazotegemewa sana, Kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Sinai na ile ya Vatikano. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, Yohana sura ya 8, nacho hakimo humo. Biblia nyingi za kisasa zinaeleza hayo chini ya ukurasa, ila hatuna desturi ya kusoma maelezo ya chini. Vijana wengi niliozungumza nao hawakutikiswa na jambo lenyewe. Kilichowaumiza ni kwamba miaka yote ya mafundisho hakuna aliyewaambia, wakaanza kujiuliza ni mangapi mengine waliyofichwa.

Katika sayansi vilevile, usiseme usilolijua. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alionya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba ni aibu asiyeamini kumsikia Mkristo akiropoka juu ya nyota na viumbe, mambo ambayo yule anayajua kwa uhakika, kwa sababu akishaona tumekosea hapo hatatuamini tukimwambia habari za uzima wa milele. Na msiseme sayansi ni ya wasioamini: Georges Lemaître, aliyetangulia kueleza kwamba ulimwengu ulianza katika hali ndogo iliyosongamana na ukapanuka, alikuwa padre wa Ubelgiji. Padre huyohuyo hakupenda nadharia yake itumiwe kama uthibitisho wa uumbaji.

Nije kwenye sehemu ngumu zaidi.

Niliwahi kukaa mezani na Mkatoliki na Mpentekoste, mimi nikiwa Mlutheri, pamoja na rafiki yetu asiyeamini lolote. Tulikuwa tunamweleza habari za wokovu. Mpentekoste akasema Biblia peke yake inatosha. Mkatoliki akamwuliza: na nani alikuambia ni vitabu vipi viwe Biblia? Kuanzia hapo yule rafiki alisahauliwa. Tulijadiliana sisi kwa sisi mpaka yeye akatukatiza: "Nyinyi wenyewe hamjakubaliana nani mwenye neno la mwisho. Mimi nimsikilize nani?"

Swali lile ni la haki, na halistahili jibu la haraka. Wengi wetu hujibu kwamba tofauti zetu ni ndogo ndogo. Sizioni ndogo. Mkatoliki anaamini kwamba Kristo aliliachia Kanisa Maandiko pamoja na Mapokeo, yaani mafundisho yaliyopokezanwa tangu mitume, na mamlaka ya kuyafasiri yamo mikononi mwa maaskofu pamoja na Papa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulitamka kwamba Papa hawezi kukosea anapotangaza rasmi fundisho la imani au maadili. Mworthodoksi anashikilia Mapokeo na mitaguso ya kale, lakini hakubali askofu mmoja awe na mamlaka hayo juu ya wengine wote. Mprotestanti anafuata njia ya Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, aliyesema mbele ya mfalme mkuu huko Worms mwaka 1521 kwamba mapapa na mitaguso imekosea mara nyingi na kupingana, na kwamba dhamiri yake imefungwa na neno la Mungu. Kila upande una andiko lake: mmoja atasoma kwamba Kanisa ni nguzo na msingi wa kweli, mwingine kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu.

Hata swali la yule Mkatoliki halikuwa la hila. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Katika Agano la Kale bado tunatofautiana: Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66, na Waorthodoksi wana vingine zaidi. Mkatoliki husema Kanisa ndilo lililoamua. Sisi Waprotestanti husema Kanisa liliyatambua maandiko ambayo tayari yalikuwa na mamlaka, halikuyapa. Mimi naliamini hilo la pili. Lakini najua pia kwamba Biblia peke yake haikutuzuia kugawanyika: Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikutana Marburg mwaka 1529 wakiwa na Biblia ileile, katika mambo 15 wakakubaliana 14, na lile moja lililobaki, kama mwili na damu ya Bwana vimo kweli katika mkate na divai, likawatenganisha.

Haya yote namwambia mwenye mashaka. Wapo ndugu wanaoniona namvua nguo Mkristo mbele ya watu. Mimi naona kinyume. Anayajua tayari, asichokijua ni kama tuna ujasiri wa kuyazungumza bila kutukanana. Na ninapoyasema, nayasema kwa namna ambayo yule Mkatoliki au Mworthodoksi, kama angekuwapo, angekubali kwamba nimemweleza sawasawa. Hilo nimejiwekea kuwa sharti. Ukimchora ndugu yako kwa katuni ili hoja yako ishinde, asiyeamini atajiuliza yeye akiondoka utamchoraje.

Kisha namwonyesha tulipo pamoja. Imani ya Nikea, iliyoanza kutungwa mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, inakiriwa Roma, Wittenberg (mji wa Luther) na Konstantinopoli, ingawa Mashariki na Magharibi wanavutana juu ya neno moja kuhusu Roho Mtakatifu. Mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, Wakatoliki na Walutheri walitia saini huko Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lililokuwa kiini cha ugomvi wa karne ya 16. Kwa hiyo namwambia: huna haja ya kuchagua kwanza kati ya Papa na Luther ndipo umtazame Kristo. Mkatoliki atakuambia Kristo hatenganishwi na Kanisa lake, na ana sababu zake. Hata hivyo tutakutana kwenye Injili zilezile nne.

Lakini kuna mwenye mashaka ambaye hayo yote hayamhusu, kwa sababu hakutoka kwa hoja. Alitoka kwa sababu alimwuliza kiongozi wake swali, akajibiwa "Msiwaguse masihi wangu". Alihoji fedha, au unabii ambao haukutimia, akaambiwa ana roho ya uasi. Nimewasikiliza watu wa namna hii wakilia, na nasema kwa uchungu: aya ile inatumiwa vibaya sana. Fungua Zaburi ya 105. Inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakiwa wageni, watu wachache, wakitangatanga kutoka taifa moja hadi jingine, na Mungu akiwakemea wafalme wasiwadhuru. Ni aya ya kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo mwenye nguvu anaikinga kifuani ili mnyonge asimwulize.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na Maandiko yanakwenda mbele zaidi. Waberoya, watu wa mji wa Beroya katika sura ileile ya 17 ya Matendo, wanaitwa waungwana kwa sababu walimsikia mtume Paulo kisha wakaenda kuchunguza kama asemayo ndivyo yalivyo. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso huko Antiokia, na barua inayosimulia hilo tunaisoma kanisani kama neno la Mungu. Torati inatoa kipimo cha nabii: alilolinena lisipotokea, Bwana hakulisema. Mamlaka yasiyotaka kupimwa hayana msingi katika kitabu yanachokishika mkononi.

Kwa mtu aliyeumizwa hivyo, usianze kwa kutetea kanisa. Msikilize mpaka amalize. Kama alilotendewa ni dhambi, liite dhambi, na kama ni uhalifu, mshauri alipeleke kwa vyombo vya sheria, bila kumrudisha kwa wazee walewale walionyamaza. Usimwambie asitazame watu, amtazame Mungu. Maneno hayo anayaona kama mlango uleule ukifungwa mara ya pili.

Mambo mengine ni mepesi. Usizungumze mbele ya hadhira, kwa maana watu wakikusanyika kila mmoja hulinda heshima yake. Akikuomba muachane na mada, achana nayo, na uendelee kuwa rafiki yake bila kubadilika. Akitaka kusoma, mpe Marko: sura 16, anaweza kuimaliza jioni moja. Someni pamoja, na mwache yeye ndiye aulize.

Na wakati ukiwadia, mwulize swali hili: ni jambo gani, kama likionekana kuwa kweli, litakufanya ufikiri upya? Lakini usilitamke kama wewe hujajiandaa kulijibu, kwa sababu lazima atakurudishia. Mimi humjibu kwa maneno ya Paulo katika sura ileile ya 15 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure, na imani yetu ni bure. Namwambia kwamba namaanisha hivyo hasa, kwamba mifupa ya Yesu ikipatikana mimi sina imani nyingine ya kukimbilia, kisha namwuliza la kwake.