Maswali Yenu: Mifupa Imeoshwa kwa Sabuni, DNA Ingalipo?

SWALI: Tulikuwa tukichimba msingi wa nyumba hapa Lamu tukakuta fuvu, vigae vya vyungu na shanga. Fundi akaviosha vyote kwa sabuni, akavianika juani. Je, maabara itapata chochote?
Msomaji, Lamu

JIBU: Huenda ikapata, ila mmewaongezea wataalamu kazi. Mfupa mkavu hunywa maji kama sifongo, na maji hayo huingiza ndani DNA ya mikono ya fundi. Jua nalo huzidi kuikatakata ile ya kale, ambayo joto la pwani limeshaila kwa karne nyingi. Simamisheni uchimbaji, waiteni watu wa Makumbusho, na msiguse tena bila glavu. Gundi na vanishi msithubutu.

Tegemeo ni fuvu. Mfupa unaozunguka sikio la ndani ni mgumu sana, na DNA hudumu humo kuliko mahali pengi mwilini. Maabara hukwangua uso wake, kisha huutoboa kwa keekee inayozunguka polepole (ikienda kasi, joto lake huharibu DNA) hadi wapate unga wa miligramu 50 hivi. Unga hulowekwa usiku kucha ndani ya kemikali iitwayo EDTA, inayoondoa kalisi ya mfupa, pamoja na kimeng'enya cha kuvunja protini. DNA inayotoka hunaswa kwa silika, yaani madini ya mchanga.

Wanajuaje si ya fundi? DNA ya kale ni vipande vifupi, mara nyingi chini ya herufi 100 (DNA husomwa kwa herufi nne za kemikali: A, C, G na T), na miisho yake imechakaa: palipokuwa na C husomeka T. Ya fundi ni nzima. Kila mara hupimwa pia chupa isiyo na unga. Nayo ikitoa DNA ya mtu, uchafu umeingia maabara. Kwa njia hizi, mwaka 2023 zilichapishwa DNA za watu 80 wa kale, wakiwemo wa Manda, Mtwapa na Kilwa. Kwa wengi wao, upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika hasa, na wa kiume kwa sehemu kubwa wa Kiajemi.

Kwa vigae, sabuni ni balaa zaidi, maana yenyewe imetengenezwa kwa mafuta, na mafuta ya chakula kilichopikwa chunguni ndiyo yanayotafutwa. Uso utasagwa na kutupwa, zipimwe gramu 2 hivi za ndani. Vifungeni kwa foili, si mfuko wa plastiki: kemikali za plastiki huhamia kwenye kigae.

Shanga hazikudhurika. Kama ni za kioo, leza huchimba kitundu kisichoonekana kwa macho, vumbi lake hupimwa, na madini yake hutofautisha kioo cha magadi chenye alumina (oksidi ya alumini) nyingi, cha India, na kile kilichotengenezwa kwa majivu ya mimea.