Maswali ya Wasomaji: Chanjo ya Mtoto na Nauli ya Kwenda Zahanati

Barua za toleo hili zimetoka Kuresoi, Nyakach, Mlima Elgon, Busia na Siaya. Waandishi wake hawafahamiani, lakini karibu wote wanasumbuliwa na jambo moja: mzazi anayeitaka chanjo husafiri mbali kuifuata, kisha safari yenyewe ikapotea bure. Tumezifupisha kidogo na kuyaacha majina. Anayejibu ni muuguzi wa afya ya jamii.

Ninaishi Kuresoi Kusini, karibu na msitu wa Mau. Kwenda zahanati na kurudi hunigharimu shilingi 400 za bodaboda, na mvua ikinyesha hakuna mwendeshaji anayekubali kuja huku. Mwanangu amefikisha miezi tisa. Nimempeleka mara mbili kuchanjwa surua, na mara zote mbili nimeambiwa kwamba dawa ipo ila chupa haiwezi kufunguliwa kwa ajili ya mtoto mmoja, nirudi siku ya chanjo. Je, hiyo ni haki? — Mama wa watoto watatu

Pole sana, mama. Si haki, ingawa ni vyema ujue kwa nini muuguzi alikujibu hivyo, kwa sababu ukishajua utaweza kuzungumza naye bila kugombana.

Chanjo ya surua na rubela, pamoja na ile ya kifua kikuu iitwayo BCG, huja ikiwa unga mkavu unaochanganywa na maji yake maalumu wakati wa kutumiwa. Kichupa cha surua na rubela kwa kawaida huwa na dozi 10, na cha BCG dozi 20. Kikishachanganywa, hakina dawa ndani yake ya kuzuia vijidudu kuzaliana, kwa hiyo kinachobaki ni lazima kitupwe baada ya saa 6 au kikao cha chanjo kinapomalizika, lolote litakalotangulia. Sharti hili si la kuchezewa, kwani mabaki ya jana yamewahi kuwaua watoto katika nchi kadhaa. Chanjo za maji kama ile ya polio na ile ya magonjwa matano, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B na maradhi ya bakteria wa Hib, zinaweza kuhifadhiwa hadi siku 28 baada ya kufunguliwa endapo baridi yake haikukatika. Pengine ndiyo sababu hukupata shida wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ukaanza kurudishwa mwanao alipofika miezi tisa.

Muuguzi naye hujaza ripoti ya kila mwezi inayoonyesha dozi zilizoingia katika miili ya watoto na dozi zilizomwagwa. Akimwaga tisa ili mmoja achanjwe, anaogopa kuulizwa na wakubwa wake, hasa katika miezi ambayo chanjo zimekuwa adimu. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali kuwa sababu ya kukurudisha. Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kwamba kichupa cha surua kifunguliwe hata akija mtoto mmoja, kwa kuwa upotevu wa dozi huwekwa katika hesabu tangu chanjo zinapoagizwa, ilhali mtoto aliyerudishwa huenda asionekane tena. Zaidi ya hayo, kifungu cha 5 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinazitaka serikali ya taifa na serikali za kaunti kuhakikisha kwamba chanjo kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni ya bure na ya lazima. Sijaona mahali ambapo sheria hiyo imesema ni ya lazima siku ya Jumatano peke yake.

Basi ukienda tena, omba kumwona msimamizi wa zahanati, umweleze kwa upole kwamba umerudishwa mara mbili na kwamba unatoka mbali, kisha umwombe afungue kichupa siku hiyo. Kuna njia nyingine ambayo huleta matokeo ya haraka zaidi. Mwombe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu aangalie daftari lake la kaya na kuwataja watoto wote waliofikisha miezi tisa pamoja na wale wa miezi 18, maana hao wa miezi 18 wanadaiwa dozi ya pili ya surua na wazazi wengi huisahau wakidhani kliniki ilikwisha mtoto alipoanza kutembea. Mkipatikana watano au sita, apige simu zahanati siku moja kabla, mwende pamoja. Hakuna muuguzi atakayeukatalia mlango uliojaa akina mama, na hata nauli mnaweza kuchangishana mkakodi probox moja.

Mafuriko yalituhamisha kwetu Nyakach na kijitabu cha kliniki kikachukuliwa na maji. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi miwili, na alipata chanjo za mwanzo tu. Mama yake anaogopa kurudi kwa kuwa atakaripiwa mbele ya watu. Je, chanjo huanzwa upya? — Baba, Nyakach

Hazianzwi upya, ndugu yangu. Dozi aliyopata mtoto inahesabiwa hata kama miezi mingi imepita, na huendelea pale alipoachia, kwa kuacha angalau wiki nne kati ya dozi moja na inayofuata ya chanjo hiyo hiyo. Chanjo kadhaa hutolewa siku moja, katika mapaja na mkono, bila kumdhuru mtoto. Chanjo ya virusi vya rota, ambayo ni matone ya kuzuia kuhara, ina umri wake wa mwisho na huenda akaikosa; nyingine nyingi bado anaweza kuzipata.

Kuhusu kijitabu, zahanati alikochanjwa ina rejista ya kudumu ya chanjo yenye jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na kila dozi aliyopewa, na kutoka humo muuguzi anaweza kumwandikia kijitabu kipya. Kama rejista nayo ililowa, atatazama kovu la BCG kwenye mkono wa kushoto, atawasikiliza ninyi, na pale penye shaka atarudia dozi, kwa sababu kurudia ni salama kuliko kuruka. Mkikipata kijitabu kipya, kipigeni picha kwa simu kila baada ya ziara.

Na kwa nini asipelekwe na wewe? Hakuna kanuni inayosema mtoto apelekwe na mama, na mimi nimeona kwamba baba akiingia kliniki amembeba mtoto, kukaripia hupungua kwa namna ya ajabu. Jambo hilo halitusifu sisi wauguzi, lakini litumie.

Mimi ni mwendeshaji bodaboda upande wa Cheptais. Mara kwa mara humbeba muuguzi na kasha lake la chanjo hadi vijiji vya juu mlimani, mwendo wa karibu saa mbili kwenye mawe na matope. Watu huniuliza kama dawa hiyo hufika ikiwa bado ina nguvu. Niwajibu nini?

Wajibu kwamba hufika na nguvu zake, mradi kasha limepangwa vizuri na halifunguliwi ovyo njiani. Chanjo hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za selisiasi, na kasha zuri lililofungwa sawasawa huishika baridi hiyo kwa siku nzima ya kazi.

Watu wengi hudhani adui wa chanjo ni joto tu, kumbe kuganda nako huziharibu. Chanjo ya magonjwa matano, ya nimonia na ile ya polio ya sindano zikiganda hufa kabisa, na hazifufuki hata zikiyeyuka. Kwa hiyo siku ya safari mtazame muuguzi wako asubuhi. Akiwa mwangalifu, hatazitoa pakiti za barafu kwenye friza na kuzitumbukiza kashani moja kwa moja, bali ataziacha mezani mpaka zianze kutoka jasho, kisha atachukua moja na kuitikisa karibu na sikio lake. Akisikia barafu inacheza katika maji ndani yake, ndipo atakapozipanga na kuweka vichupa katikati.

Wale wanaotilia shaka, mwombe muuguzi awaonyeshe kichupa chenyewe. Kwenye kibandiko au kifuniko chake kuna duara lenye rangi, na ndani ya duara kuna mraba mdogo. Mraba huo huanza ukiwa mweupeupe na huzidi kukoza rangi kadiri kichupa kinavyopatwa na joto, wala haurudi weupe hata kikirudishwa kwenye baridi. Ukishalingana na duara kwa rangi, au ukawa mweusi zaidi, chanjo hiyo hutupwa. Alama hiyo hutoa habari za joto peke yake, haisemi lolote kuhusu kuganda, na ndiyo maana lile sikio la asubuhi lina kazi yake.

Kazi yako ni kulifunga kasha lisirukeruke, kuliweka kivulini mnapopumzika na kutokubali lifunguliwe ili watu watie soda zao (usicheke, nimeyaona). Na mafuta yako udai yalipwe. Vikao vingi vya chanjo vya vijijini huahirishwa dawa ikiwa tele kwenye jokofu, kwa kuwa tu hakuna aliyetenga pesa za kumfikisha muuguzi huko.

Namlea mjukuu wangu hapa Busia, mama yake anafanya kazi Nairobi. Nimeambiwa kuna chanjo ya malaria yenye dozi nne. Miguu yangu haina nguvu. Je, ni lazima safari zote hizo? — Nyanya, Busia

Shikamoo, nyanya. Chanjo hiyo ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, Kenya ikiwa nchi mojawapo kati ya tatu zilizoijaribu pamoja na Ghana na Malawi, na Busia ni miongoni mwa kaunti za ukanda wa ziwa na magharibi zinazoitoa. Katika maeneo ya majaribio vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, kwa hiyo miguu ikikubali, inafaa.

Habari njema ni kwamba safari za ziada si nyingi. Dozi ya miezi 6 huenda sambamba na vitamini A, ya miezi 9 hutolewa siku moja na ya surua, na iliyobaki peke yake mwanzoni ni ya miezi 7. Ya nne huja baada ya mtoto kupita mwaka, na ndiyo inayosahaulika. Mwombe muuguzi akuandikie tarehe yake kijitabuni mapema. Wewe kama mlezi unatosha kumpeleka, huhitaji kumsubiri mama yake aje likizo. Na chandarua asikiache, kwa kuwa chanjo hii hupunguza malaria bila kuimaliza.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii katika Kaunti ya Siaya. Tumehubiri faida za chanjo kwenye mabaraza, makanisani na matangani mpaka sauti zimekauka. Akina mama wanakubali, wanapiga makofi, kisha hawaji, au wanakuja wakiwa wamechelewa sana. Tufanye nini zaidi?

Dada, acheni kuhubiri kwa muda. Mama anayepiga makofi amekwisha kuamini, na hotuba ya kumi haitamlipia nauli.

Utafiti mmoja uliofanywa katika kaunti yenu hiyo ya Siaya na kuchapishwa mwaka 2017 unastahili kusomwa na kila mwakilishi wadi. Vijiji viligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza halikupewa kitu. La pili lilitumiwa ujumbe wa kukumbushwa kwa simu. La tatu lilipata ujumbe pamoja na shilingi 75 kwa kila chanjo iliyopatikana kwa wakati. Na la nne ujumbe na shilingi 200. Watoto waliokamilisha chanjo walipofikisha miezi 12 walikuwa asilimia 82 katika kundi la kwanza, 86 katika la pili na la tatu, na 90 katika la nne. Wapo wanaosema kumlipa mzazi kwa ajili ya mtoto wake ni kumharibu tabia. Mimi naona kwamba shilingi 200 zilikuwa nauli, na katika vijiji vilivyo mbali, nauli ndiyo iliyobaki baada ya elimu kumaliza kazi yake.

Kama kaunti haina pesa za kumleta mama, basi ilete chanjo alipo mama. Chagueni siku ya soko, kwa kuwa siku hiyo anatoka nyumbani hata mvua ikinyesha, na wekeni meza pale pale karibu na wauza mboga, saa za asubuhi kabla hajachoka na mtoto hajaanza kulia. Siku za chama nazo zinafaa. Kikao cha soko kikifanyika mwezi huu na kisifanyike ujao, imani hupotea haraka, kwa hiyo afadhali kimoja kila mwezi kwa uhakika kuliko vitatu kwa mkupuo na kisha kimya. Tumia simu yako kuwakumbusha siku mbili kabla, ukimtaja mtoto kwa jina lake na kuandika kwa lugha inayozungumzwa nyumbani.

Kisha muandike barua, ninyi na kamati ya zahanati, yenye mambo matatu tu: idadi ya watoto wa kila kijiji waliokosa dozi kwa mujibu wa daftari lenu, umbali wa kijiji hicho kutoka zahanati, na gharama ya mafuta ya pikipiki kwa vikao 12 vya mwaka. Mpelekeeni mwakilishi wadi mapema mwakani, wakati wa vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, kwa kuwa makadirio ya bajeti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kupita, na baada ya hapo kuongeza hata lita kumi za petroli huwa vita.